Wanaogopa takwimu au wanaogopa kompyuta? Namna ya kupima mtazamo wa wanafunzi bila kujidanganya

Kila muhula unapoanza kuna mwalimu anayeingia darasani na kuuliza, "Haya, nani hapa anaogopa takwimu?" Mikono inapanda, watu wanacheka, naye anatoka na hitimisho lake. Mwalimu huyo nilikuwa mimi, miaka miwili mfululizo. Kicheko kile si jibu. Anayeogopa kwelikweli hanyooshi mkono, anaangalia dawati.

Nasimamia vipindi vya mazoezi ya takwimu kwa wanafunzi ambao hawakuja chuoni kuzisoma: wa elimu, wa sosholojia, wa uuguzi. Wanalichukua somo kwa sababu limo kwenye ratiba. Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huohuo, na mara ya kwanza nililirudia. Siku hizi nawapa hojaji wiki ya kwanza, kisha nyingine kuelekea mwisho wa muhula, na katika kazi hiyo nimefanya karibu kila kosa linalowezekana. Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu, na kwa ajili ya mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu jambo hili na tayari ameshaanza kuchoka.

Usiulize swali moja

Neno "mtazamo" limebeba mizigo mingi kwa mpigo. Mtu anaweza kulichukia somo na bado akaamini litamfaa kazini. Mwingine analipenda, lakini moyoni anajiona hana kichwa cha namba. Ukiwauliza wote wawili "Je, una mtazamo chanya kuhusu takwimu?" wanaweza kukupa jibu moja kwa sababu mbili zisizohusiana kabisa.

Hili watu wamelishughulikia zamani. Mwaka 1995 Candace Schau na wenzake walichapisha kipimo kiitwacho SATS, chenye kauli 28 zilizogawanywa pande nne: hisia za mwanafunzi kuhusu somo, imani yake kwamba ataweza kulielewa, thamani anayoiona ndani yake, na ugumu wake. Baadaye zikaongezwa pande mbili, shauku na bidii, kauli zikafika 36. Hiyo ndiyo SATS-36 utakayokutana nayo katika makala nyingi. Kila kauli hujibiwa kwa namba kuanzia 1 mpaka 7, na 4 ndiyo katikati. Ukitaka kukitumia kipimo chenyewe, omba ruhusa, kwa sababu kina haki miliki. Usikitafsiri kimyakimya usiku na kukiweka kwenye kiambatisho.

Hata usipokitumia, chukua wazo lake: kila upande ubaki na alama yake. Usizijumlishe zote ukapata namba moja ya "mtazamo". Fikiria wanafunzi wawili. Wa kwanza ana 7 kwenye thamani na 1 kwenye kujiamini. Wa pili ana 4 na 4. Wastani wa wote wawili ni 4, na ukiishia hapo utasema wanafanana. Kumbe wa kwanza anahitaji mtu wa kukaa naye na kumwonyesha kwamba anaweza, na wa pili hajapata bado sababu ya kujali. Ukimpa wa kwanza mhadhara mrefu kuhusu umuhimu wa takwimu katika dunia ya leo unamtonesha kidonda: anaujua umuhimu huo, ndiyo maana hapati usingizi.

Kuna mtego mmoja kwenye SATS wa kuangalia kwa macho mawili. Katika upande wa ugumu, alama kubwa maana yake mwanafunzi analiona somo kuwa *jepesi*, kwa sababu pande zote zimepangwa ili alama ya juu iwe ndiyo mtazamo mzuri. Nimesoma rasimu ya tasnifu ambayo sura nzima ya nne iliegemea kinyume cha hapo. Mwenyewe alikuwa amebakiza siku tisa kuiwasilisha.

Tenganisha kompyuta na takwimu

Kama nafasi yako ni ya jambo moja tu, lifanye hili.

Siku moja niliketi nyuma ya mwanafunzi aliyekuwa ametoka kukokotoa wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zimetawanyika kiasi gani) kwa kalamu, vizuri, bila kufuta hata tarakimu moja. Tulipohamia kwenye kompyuta, akafungua faili, akachagua safu, akafika kwenye kitufe cha kukubali. Mkono ukasimama juu ya kipanya. Sekunde kumi, ishirini. Hatimaye akabofya, na programu ikamkatalia: safu hiyo ni maandishi, haiwezi kutolewa wastani. Akasukuma kiti nyuma, akaniambia, "Unaona, mwalimu? Mimi na takwimu hatuelewani."

Niliangalia faili. Aliyeingiza data aliandika 3,5 badala ya 3.5 kwenye mistari michache, na programu ile ilikuwa imewekwa isome nukta. Takwimu hazikuwa na neno naye. Tulibadilisha mikato ikawa nukta, wastani ukatoka, lakini yeye alikuwa ameshajihukumu.

Katika hojaji ya kawaida mwanafunzi huyu angeandikwa kuwa "ana mtazamo hasi kuhusu takwimu". Kwa hiyo weka sehemu mbili zisizochanganyika: kauli kuhusu somo la takwimu, na kauli kuhusu zana. Kwa upande wa zana, msingi mzuri ni ule wa mtafiti Fred Davis, aliyeonyesha mwaka 1989 kwamba kuikubali teknolojia kunahusiana na mambo mawili: mtu anaiona ina manufaa kiasi gani, na anaiona nyepesi kutumia kiasi gani. Mimi huongeza la tatu ambalo darasani limenisaidia kuliko hayo mawili, yaani mtu anafanya nini kosa linapotokea.

Usiandike neno "teknolojia" peke yake. Nililiandika mwaka wa kwanza, na karibu kila mtu akajipa 6 au 7. Walikuwa wanafikiria simu zao! Taja kitu chenyewe: lahajedwali (kama Excel), programu ya kuchambua data, kuandika amri kwenye kompyuta.

Na usiamini kujisifu bila kujaribu. Baada ya hojaji huwapa faili dogo la mistari 20 yenye umri wa watu, na dakika kumi. Wanatakiwa kunipa wastani wa umri na sentensi moja. Watu 19 wana miaka kati ya 20 na 25, wastani wao ukiwa 22 kamili. Wa ishirini ameandikiwa 220, kidole kiliteleza kwenye sifuri. Kompyuta haina aibu, itakupa 31.9 mara moja. Kazi yangu ni kuangalia nani ananiletea 31.9 kwa kundi ambalo hata mmoja hajafika 30, na nani ananyanyua kichwa na kusema, "Mwalimu, hapa pana mzee." Wapo waliojipa 7 kwenye kauli zote za kompyuta wakaniletea 31.9 wakitabasamu. Na wapo waoga waliomwona yule mzee kabla hawajabofya chochote.

Kuandika kauli kwa Kiswahili

Hapa lugha yetu ina mitego yake, na ukitafsiri kauli za wengine neno kwa neno utaiingia yote.

Wa kwanza ni neno lenyewe. "Takwimu" ni somo, na "takwimu" ni zile namba zinazosomwa kwenye taarifa ya habari. Ukiandika "Takwimu huniudhi", mmoja anajibu kuhusu mtihani na mwingine anajibu kuhusu wanasiasa. Andika "somo la takwimu" pale unapomaanisha somo, hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Wa pili ni ukanushi. Kauli "Siogopi somo la takwimu" ikikutana na jibu "sikubaliani" inazaa fundo: hakubali kwamba haogopi, kwa hiyo anaogopa? Nimewaona wakirudi nyuma kwa kidole, wakifuta, wakiandika upya. Unahitaji kauli zenye mwelekeo hasi, ndiyo, ili kumnasa anayechora mstari mmoja wa 7 kutoka juu hadi chini. Lakini ubaya huo uubebeshe kitenzi chenyewe, usiuweke kwenye "si" na "ha". Badala ya "Sioni faida ya somo hili", andika "Somo hili linanipotezea muda."

Wa tatu unajulikana ila bado unatutia doa: mambo mawili ndani ya kauli moja. "Somo la takwimu ni gumu na linachosha" haina jibu kwa yule anayeliona gumu lakini tamu.

Hizi ni baadhi ya kauli zangu za sasa, baada ya kuchujwa mara kadhaa. Zichukue, zibadilishe upendavyo:

– Nikipewa jedwali la namba, naweza kueleza linasema nini.
– Kazi ninayotaka kuifanya itahitaji nielewe data.
– Somo la takwimu linanipotezea muda.
– Nikikaa mbele ya programu ya kuchambua data, naogopa kuharibu kitu.
– Kompyuta ikileta ujumbe wa kosa, najaribu kurekebisha mwenyewe kabla ya kuita mtu.

Ile ya pili ilianza kama "kazi ninayotaka kuifanya itanidai nielewe data". Niliwapa wanafunzi watano waisome kwa sauti na kuniambia wanaelewa nini, na mmoja akaguna, "Itanidai nini tena, na mkopo wa masomo sijalipa?" Kuanzia siku hiyo sigawi hojaji ambayo haijapita mbele ya watu watano. Si lazima wawe hamsini. Kinachohitajika ni waisome kwa sauti, nawe ukae kimya uandike pale wanapokwama.

Siku ya kugawa

Gawa wiki ya kwanza, kabla hujafundisha hata dakika tano, kwa sababu dakika tano za mwanzo zinatosha kumfurahisha mtu au kumtisha. Ya pili itoe kabla ya mtihani. Ukisubiri matokeo utapima furaha na hasira za alama.

Kisha toka nje ya chumba. Mtu anayesahihisha mitihani yao akiwa amesimama mlangoni na tabasamu, nani ataandika 1? Mwombe mwenzako agawe na akusanye. Wajue kwamba kujibu ni hiari na hakuna alama inayohusika. Kama unakusudia kuchapisha, pitia kwanza kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, kwa kuwa ruhusa haiombwi kazi ikiwa imekwisha.

Utahitaji kuunganisha karatasi ya mwanzo na ya mwisho ya mtu yuleyule bila kumjua. Waombe wajitengenezee alama ya siri, mathalani herufi mbili za mwanzo za jina la mama pamoja na tarehe waliyozaliwa, bila mwezi wala mwaka. Nilijaribu kuwaacha wachague neno lolote. Mwisho wa muhula nusu walikuwa wamelisahau, na wanne walichagua neno lilelile, "chui".

Kuhesabu

Kabla ya lolote, geuza kauli hasi. Kwenye mizani ya 1 mpaka 7 unatoa jibu kutoka 8: aliyeandika 6 kwenye "naogopa kuharibu kitu" anapata 2, aliyeandika 1 anapata 7. Ni hesabu ya sekunde moja, na ndiyo iliyoniaibisha. Mwaka wa kwanza nilisahau kugeuza kauli nne kati ya nane, nikasimama mbele ya wenzangu kwenye kikao na chati ya rangi kuonyesha kwamba darasa langu halina msimamo wowote: kila mtu alikuwa karibu na 4. Bila shaka walikuwa karibu na 4. Nilikuwa nimechanganya wanaopenda na wanaochukia ndani ya mtu mmoja, wakafutana. Mwenzangu mmoja, kwa upole, akaniuliza, "Alfa yako ilikuwa ngapi?" Nikaenda kuikokotoa. Ilikuwa chini ya sifuri.

Alfa hiyo ni ya Lee Cronbach, ya mwaka 1951. Inakuonyesha kama kauli za upande mmoja zinakwenda pamoja, yaani anayejibu juu kwenye moja huwa anajibu juu na kwenye nyingine. Ikitoka hasi, mara nyingi kuna kauli hujaigeuza, kwa hiyo rudi kwenye jedwali kabla hujaandika neno. Wengi hutaka angalau 0.7. Mimi siipigii magoti namba hiyo, maana upande wenye kauli nne unaweza kuwa chini yake na bado ukafaa kwa kuongoza darasa, na upande wenye kauli ishirini unaweza kuipita kwa wingi tu wa kauli.

Sasa kulinganisha mwanzo na mwisho. Hapa ndipo walimu tunapojipongeza bure. Chukua darasa la watu watano, kujiamini kwao wiki ya kwanza: 2, 2, 5, 6, 5. Wastani ni 4. Wale wawili wa 2 wanaliacha somo katikati ya muhula. Waliobaki mwishoni wanajibu 5, 5, 5. Wastani ni 5. Umepanda kutoka 4 hadi 5! Unaandika ripoti kwamba mbinu zako zimeongeza kujiamini. Sasa waangalie wale watatu peke yao: walianza na wastani wa 5.33, wakaishia na 5. Hakuna hata mmoja aliyepanda, na mmoja ameshuka. Kilichopandisha wastani wako ni wale wawili kuondoka. Kwa hiyo linganisha mtu na nafsi yake, waliojibu mara zote mbili tu, na kando andika wazi wangapi hawakurudi na walianza na alama gani.

Kwa darasa dogo mimi huchora kwanza: nguzo ya kushoto ni mwanzo, ya kulia ni mwisho, na kila mwanafunzi ana mstari wake kati ya nguzo hizo. Mistari ishirini na tano unaiona kwa mtazamo mmoja. Ukitaka kupima rasmi, kuna jaribio la t kwa jozi, linaloangalia wastani wa tofauti ya kila mtu kati ya mwanzo na mwisho, au lile la Wilcoxon la mwaka 1945 linalotumia mpangilio wa tofauti hizo kwa ukubwa. Ugomvi kuhusu kama majibu ya mizani ya Likert, yaani ya namba kama hizi za 1 mpaka 7, yanastahili wastani umeendelea miaka mingi, nami sitaumaliza leo. Natoa wastani wa kauli za upande mzima, sitoi wa kauli moja moja. Lahajedwali linatosha kwa kazi hii, na kama unataka zaidi, programu za kuchambua data za R, jamovi na JASP zote ni bure.

Usishangae mistari ikishuka. Mwaka 2012 Schau na Esma Emmioğlu walichapisha matokeo ya wanafunzi wapatao 2,200 wa madarasa 101 ya takwimu za utangulizi Marekani. Hisia, kujiamini na ugumu havikusogea sana, na thamani, shauku na bidii vilishuka. Bidii haishangazi: wiki ya kwanza kila mtu anaandika 7, anaahidi kufanya kila zoezi. Usiisome alama hiyo kama kipimo cha kazi, isome kama ahadi ya mwaka mpya.

Mistari miwili mitupu

Mwishoni mwa hojaji acha nafasi ya kumalizia sentensi mbili: "Nikisikia neno takwimu…" na "Kinachonitisha zaidi katika kipindi cha kompyuta ni…" Hakuna alfa hapa, ni kusoma tu, karatasi moja baada ya nyingine, ukitenga marundo mezani. Rundo la "namba" huwa dogo kuliko nilivyotarajia. Muhula uliopita mtu mmoja aliandika, kwa herufi ndogo zilizobanana: *Siogopi takwimu. Naogopa kuitwa mbele kwenye projekta halafu kompyuta ikatae watu wakiangalia.* Nilipolitazama tena rundo, nikakuta wengine sita waliosema hivyohivyo kwa maneno yao.

Na mimi ndiye niliyekuwa nawaita mbele, nikidhani nawachangamsha.

Nimeacha. Sasa wanakaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, na kila baada ya dakika kumi kibodi inabadilisha mikono. Ujumbe wa kosa ukitokea, wawili hao wanausoma kwa sauti kabla ya kuniita. Wiki ya pili nawarudishia matokeo yao ya mwanzo kama mchoro wa nukta, ili wajue karatasi zao zilisomwa. Angalizo moja: kama darasa lina watu wachache, usionyeshe nukta za mtu mmoja mmoja. Ile ya mwisho kabisa kushoto itajitambua, na majirani zake wataitambua pia.

Mwisho wa muhula mistari mingi ya "naogopa kuharibu kitu" ilisogea upande mzuri. Mitatu ilikwenda mbaya zaidi, na kwa kuwa nilitaka alama za siri, sijui ni ya nani. Kwa hiyo pamoja na hojaji sasa natoa kikaratasi cha pembeni, kisichobanwa na hojaji wala kisicho na alama ya siri, kinachokusanywa kwenye boksi lake: "Ukitaka tukae pamoja nusu saa mbele ya kompyuta, bila mtu mwingine, andika jina lako hapa." Muhula huu vimerudi vitano vyenye majina. Wa kwanza anakuja Alhamisi.